Kompyuta ya steshenari inazima kila mchana: fungua ubavu kabla hujanunua nyingine

Swali: Shikamoo fundi. Nina steshenari ndogo hapa Dodoma, kando ya barabara ya vumbi, karibu na shule. Nina kompyuta mbili za mezani, zote mtumba wa Dubai. Moja inajizima kila ikifika saa saba au saa nane mchana, tena wateja wakiwa wamejaa, na kabla ya kuzima inanguruma kama mashine ya kusaga. Asubuhi haina shida. Fundi ameshaipiga windoo, yaani kufuta na kuweka Windows upya, mara tatu mwaka huu, kila mara nalipa na kila mara napoteza kazi za watu. Sasa anasema prosesa imechoka, ninunue nyingine. Ya pili haizimi ila ni nzito mno. Nifanye nini, na huku kuzitunza mnakosema ni kufanya nini hasa?

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa hizo kazi za wateja zilizopotea, nitazirudia kwa sababu ndizo zinazoniuma zaidi katika barua yako. Ila kwanza rudisha hela mfukoni, usinunue kitu.

Umenipa dalili mbili nzuri sana: asubuhi haina shida, na inanguruma kabla ya kuzima. Windoo haijui saa. Ikiwa mbovu itakusumbua saa mbili asubuhi sawasawa na saa nane mchana. Kinachobadilika dukani kwako kati ya asubuhi na mchana ni joto. Bati limeshika jua, fotokopi imefanya kazi tangu kengele ya shule ilipolia, na kompyuta yenyewe haijapumzika. Prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, ina kipimajoto ndani yake. Ikianza kupata moto inaiamuru feni izunguke kwa kasi, na hiyo ndiyo ngurumo unayoisikia. Feni ikishindwa, prosesa inapunguza mwendo wake yenyewe ili ipoe, na hapo utaona Word inafunguka kwa kujivuta. Ikifika kwenye kikomo chake, ambacho kwa prosesa nyingi za Intel za mezani ni karibu nyuzi 100 za Selsiasi, na bado joto linapanda, mashine inajikata umeme isiungue. Kwa hiyo kule kuzima ni mashine kujiokoa. Kuipiga windoo kwa tatizo hilo ni sawa na kumbadilishia nguo mtu mwenye homa.

Usiniamini kwa maneno matupu, pima. Kuna programu ndogo za bure, Core Temp na HWMonitor, zinazokuonyesha joto la prosesa kwa namba. Weka mojawapo, soma saa tatu asubuhi, kisha soma tena saa saba mchana, uandike kwenye daftari la mauzo. Ikiwa imetulia, nyuzi 40 hadi 50 na kitu ni kawaida. Ikichapa kazi, 70 na kitu haina neno. Ukiona 90 na kuendelea huku umefungua barua moja tu ya maombi ya kazi, jibu umelipata, na jibu hilo linasafishika.

Kabla hujagusa bisibisi, nakili kazi zako. Hili halina mjadala. Nunua hadi diski ya nje, yaani kile kifaa cha kuhifadhia mafaili kinachochomekwa kwa waya, hata ya mtumba iliyopimwa, unakili kila faili la mteja ambalo huwezi kulichapa upya, kisha ikae nyumbani, isikae dukani. Fundi yeyote anayetaka kukupigia windoo muulize kwanza: mafaili yangu umeyaweka wapi? Akikosa jibu, asianze. Nimeshaona mwanafunzi akilia kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka kwa sababu tasnifu yake ilifutwa na mtu aliyetaka tu kuiharakisha mashine. Tangu siku hiyo sifungui kompyuta ya mtu kabla sijaona nakala kwa macho yangu.

Sasa tusafishe. Fanya Jumapili duka likiwa limefungwa. Zima kompyuta kwa utaratibu wake, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kama sekunde 15 ili umeme uliobaki ndani uishe. Piga picha ya nyuma kwa simu kabla hujachomoa nyaya nyingine, itakusaidia kurudisha kila mmoja mahali pake. Lile sanduku, ambalo wengi wetu tunaliita CPU ingawa CPU yenyewe ni prosesa, kile kidude cha ukubwa wa stempu kilicho ndani, lipeleke nje kivulini. Usisafishie dukani, utalihamishia vumbi kwenye ile kompyuta ya pili na kwenye fotokopi. Vaa barakoa. Liweke juu ya meza ya mbao, si juu ya zulia, na kila mara kabla hujagusa kitu ndani, shika kwanza bati la sanduku lenyewe. Mwili wako hubeba umeme kidogo, hasa kiangazi hewa ikiwa kavu kama ya kwenu, na umeme huo unatosha kuua chipu bila hata wewe kuhisi.

Nyingi za ofisini zinazotoka Dubai zina kishikio cha kuvuta ubavuni, nyingine zina skrubu mbili nyuma. Fungua, uangalie bila haraka. Utaona vumbi la Dodoma limelala juu ya kila kitu, na wengi hulipuliza hilo la juu, wakaridhika, wakafunga. Adui hayupo hapo. Itafute feni iliyo juu ya prosesa. Chini yake kuna rundo la vibamba vyembamba vya alumini vilivyosimama karibu karibu kama kurasa za kitabu. Hewa inatakiwa ipite katikati ya vibamba hivyo. Mulika kwa tochi ya simu. Kwenye mashine moja niliyoletewa kutoka duka lililopakana na saluni, sikuona hata kibamba kimoja. Niliondoa feni, na chini yake vumbi, nyuzi na nywele vilikuwa vimeshikana vikawa mkeka mmoja wa mviringo, saizi ileile ya feni. Niliunyanyua mzima kwa kibano kama unavyonyanyua ukoko chini ya sufuria. Feni ilikuwa nzima na prosesa nzima, ila hewa ilikuwa haina pa kupita. Mashine ile ilikuja ikisoma 94, ikaondoka ikisoma 58, na hakuna kilichobadilishwa ndani yake.

Kwa hiyo tumia brashi laini ya rangi, mpya na kavu, kulegeza vumbi kwenye vibamba, kisha lipulize. Blowa ndogo ya umeme ya mafundi inafaa sana. Kama huna, azima, au nunua kopo la hewa ya kusafishia. Wakati wa kupuliza, izuie feni kwa kidole au kijiti isizunguke. Feni inayozungushwa na upepo huenda kasi kuliko ilivyoundiwa, beringi zake huharibika, na inaweza hata kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye madabodi, ile bodi kuu iliyobeba vitu vyote vya ndani. Puliza kwa mapigo mafupi, ukikaa mbali kidogo, na vumbi litoke ndani kwenda nje.

Na tafadhali, usilipeleke sanduku kwa kijana wa pancha alipulize kwa upepo wa matairi. Najua ni rahisi na yuko hapohapo barabarani. Tangi la kompresa hukusanya maji chini, na upepo ukitoka huyatoa maji hayo kama umande pamoja na mafuta kidogo. Nilipokuwa naanza kazi hii niliipeleka mashine ya ofisi moja kwenye upepo wa gereji. Ilitoka inang'aa. Niliiwasha siku hiyohiyo, madabodi ikafa, na ililipwa kwa mshahara wangu. Mashine ya umeme ya kufyonza vumbi ya nyumbani nayo usiiingize ndani ya sanduku, mdomo wake wa plastiki hujaa umeme tuli.

Ile pawa saplai, kiboksi cha chuma kinachoingia waya wa ukutani, ipulize kupitia matundu yake tu. Usiifungue kamwe. Umeme wetu ni volti 230, lakini ndani ya kiboksi hicho unageuzwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita kwa karibu volti 325, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Hapo panaua.

Funga, washa, pima tena. Mara nyingi kazi imeishia hapo. Kama joto limeshuka kidogo tu, basi imekauka ile pesti ya kijivu au nyeupe kati ya prosesa na alumini. Kazi yake ni kujaza vinyweleo visivyoonekana kati ya vyuma viwili ili joto lipite. Mashine iliyokaa miaka minane au kumi kabla hujaipata wewe, pesti yake imeshageuka udongo mkavu. Hii ndiyo kazi pekee hapa ambayo ningekushauri umlipe fundi, ila kaa pembeni uangalie. Mashine iwashwe dakika chache kwanza ili pesti ilegee, kisha izimwe na ichomolewe. Alumini izungushwe taratibu kushoto na kulia kabla ya kunyanyuliwa, isivutwe kwa nguvu. Pesti ya zamani ifutwe kwa spiriti ya hospitali mpaka chuma king'ae, mpya iwekwe ukubwa wa punje ya choroko katikati, na skrubu zikazwe kwa kupishana pembe kwa pembe. Fundi akipaka pesti kama siagi kwenye mkate, mwambie apunguze.

Ikitokea umefunga, umewasha, na skrini ni nyeusi au sanduku linalia pii-pii, usishtuke. Karibu kila mara ramu, kile kibamba cha kumbukumbu kilichochomekwa kwenye madabodi, imelegea ulipokuwa unapiga brashi. Zima, chomoa, itoe, futa meno yake ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, pangusa vumbi la raba, uirudishe mpaka usikie vibanio vimelia. Hii inawasumbua zaidi ndugu zetu wa Tanga na Unguja, ambako hewa ya chumvi hushika kutu kwenye meno hayo hata bila mtu kuigusa.

Ukiwa umeshafungua, angalia na betri ya mviringo kama sarafu, imeandikwa CR2032. Ni ya volti 3. Ikiisha, kila asubuhi kompyuta itakuonyesha tarehe ya miaka iliyopita, na tovuti zitakataa kufunguka zikidai si salama, kwa sababu saa ya mashine haikubaliani na vyeti vyao vya usalama. Watu wengi wameambiwa ni virusi wakapigiwa windoo. Betri hiyo inauzwa kwa mafundi saa.

Tukitoka ndani ya sanduku, twende lilipokaa. Nina hakika liko chini, karibu na mlango. Lipandishe. Hata stuli ya kimo cha goti inabadilisha mambo, kwa sababu vumbi la ufagio hutembea chini chini. Na mnyunyizie sakafu maji kabla ya kufagia, au mpige deki badala ya kufagia. Nyuma ya sanduku acha nafasi ya shibiri moja hadi ukutani, maana ndiko linakotolea hewa ya moto. Lisipakane na fotokopi pia. Fotokopi hutoa joto na unga wa tona, na tona ni laini sana. Halafu kuna kile kitambaa cha kudarizi. Nakipenda, mama yangu alikuwa navyo juu ya redio na televisheni, lakini juu ya kompyuta inayofanya kazi kinaziba pumzi. Kiweke usiku, baada ya kuzima na kupoa.

Kibodi na skrini havinichukui muda. Kibodi ichomoe, igeuze, igongegonge makombo ya maandazi yatoke, kisha futa kwa kitambaa kilichoguswa na spiriti ya hospitali. Skrini ifute ikiwa imezimwa na imepoa, kwa kitambaa cha kufutia miwani, na doa likigoma lowesha kitambaa kwa maji kidogo. Usinyunyizie maji kwenye kioo chenyewe, na usiguse na dawa za kusafishia vioo vya dirisha, jiki wala spiriti ya kuwashia jiko.

Ile ya pili iliyo nzito nayo isafishe vilevile, huenda inapunguza mwendo kwa joto bila kufika kuzima. Ikibaki nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame safu ya diski. Kama inasimama kwenye asilimia 100 huku hufanyi kitu, shida ni hadi diski ya sahani inayozunguka. Ipime kwa programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Ikikuonyesha rangi ya njano au nyekundu, nakili mafaili leo, si kesho. Kuitoa diski hiyo na kuweka SSD, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka, ndiyo hela kubwa pekee ninayokushauri uitumie kwenye mashine hizi. Ile iliyokuwa inachukua dakika tatu kuwaka itawaka kwa nusu dakika, na hutakuwa na hamu ya kununua nyingine. Kwenye dirisha lile la Ctrl, Shift na Esc kuna sehemu ya programu zinazoanza zenyewe mashine ikiwaka. Zima usizozihitaji, ila antivirusi iache. Na diski isijae pomoni, acha angalau sehemu moja kati ya tano iwe wazi.

Kwako wewe uchafu mwingine unaingilia kwenye tundu la flashi. Mtoto wa shule anachomeka flashi iliyotoka intaneti kafe nne, mara mafolda yake yote yamegeuka vile vipicha vyenye mshale mdogo pembeni. Usibofye kipicha hata kimoja, ukibofya ndipo kirusi kinapohamia kwako. Na usimwambie mtoto kazi yake imepotea, wala usiifomati flashi yake. Mafaili yapo, yamefichwa tu. Iskani flashi kwa Defender, antivirusi iliyomo ndani ya Windows, kisha kwenye menyu ya kuangalia ruhusu vilivyofichwa vionekane, nakili mafaili ya kweli pembeni. Ifanye kuwa kanuni ya duka: hakuna flashi inayofunguliwa kabla ya kuskaniwa, hata ya mwalimu mkuu.

Hapo linaingia suala la Windows yenyewe. Kama bado ni Windows 10, Microsoft ilifunga msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 7 ilifungwa tangu Januari 2020. Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, na mitumba mingi iliyoko madukani ni ya kizazi cha 4 hadi cha 6. Hilo halimaanishi uitupe. Tenga majukumu. Mashine ya zamani ibaki ya kuchapa na kuprinti, na mambo ya benki, malipo ya serikali na nywila za wateja yafanyikie kwenye ile inayopokea masasisho.

Kuhusu umeme, UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, ni ya kompyuta na monita tu. Fotokopi, printa ya leza na mashine ya laminesheni zichomeke ukutani, kwa sababu zikipasha moto huvuta umeme mwingi kwa mpigo na zitaiangusha UPS pamoja na kazi uliyokuwa unaichapa. Betri ya UPS kwa kawaida hukaa miaka mitatu hadi mitano, ila joto huila: kila nyuzi 10 zaidi ya 25 hukata umri wake karibu nusu. Isikae juani wala juu ya fotokopi. Umeme ukikatika, zima soketi, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuwasha, maana mara nyingi hurudi ukiyumba. Mvua za Desemba zikianza na radi, chomoa kabisa, na waya wa intaneti pia.

Kwa duka la kando ya barabara ya vumbi kama lako, fungua na upulize kila baada ya miezi miwili wakati wa kiangazi, na mara moja katikati ya masika. Ofisi yenye vigae na madirisha yaliyofungwa mara mbili kwa mwaka inatosha. Bandika kipande cha selotepu ya karatasi ndani ya ubavu wa sanduku uandike tarehe, ili hata fundi mwingine akifungua ajue.

Huyo fundi wako usimgombeze. Prosesa ni karibu kitu cha mwisho kufa ndani ya kompyuta, mimi kwa miaka yangu yote nimezika feni, pawa saplai na hadi diski nyingi sana, ila prosesa nazihesabu kwa vidole. Mwambie tu afungue ubavu mbele yako, amulike mwenyewe chini ya feni. Anza na ile inayozima, Jumapili hii. Jumatatu soma joto saa tatu asubuhi na saa nane mchana, wateja wakiwepo na fotokopi ikifanya kazi, kisha niandikie namba zote mbili pamoja na zile za kabla ya kusafisha. Kama baada ya vumbi kutoka na pesti mpya bado inafika 90, nitakuambia jinsi ya kuipima feni yenyewe.